Kukisuka upya chama cha kitaifa cha wakulima wa parachichi: tuanze na daftari au na uchaguzi?

#1 MzaniMkononi

Wakuu, salaam. Hoja ya kukipanga upya chama cha kitaifa cha wakulima wa parachichi hapa Tanzania inarudi kila msimu, na kila ikirudi inaishia palepale: uitwe mkutano, viongozi wapumzishwe, wachaguliwe wengine. Miaka mitatu baadaye hao nao wanapumzishwa.

Naweka msimamo wangu mapema ili tusizunguke. Uchaguzi uwe hatua ya mwisho. Ya kwanza ni daftari la mashamba, ya pili ni tozo ya kilo, ya tatu ni mgawo wa kura, ya nne ni katiba. Ukianza na uchaguzi bila daftari, hujui nani mkulima, kwa hiyo anayekodi mabasi mengi ndiye mshindi. Na ukichagua viongozi bila tozo, unawapa ofisi isiyo na fedha. Mwenyekiti wa ofisi isiyo na fedha atatafuta mfadhili, na mfadhili akishakuwa mlipaji, ajenda ni yake.

Nianze na daftari. Kisajiliwe kipande cha shamba, asisajiliwe mtu peke yake. Kila kipande kiwe na: namba yake, kijiji na kata, nukta ya GPS katikati ya shamba, aina (Hass, Fuerte, nyinginezo), idadi ya miti kwa mwaka wa kupandwa, kitalu kilikotoka mche, kama kuna umwagiliaji, na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ya mwenye shamba. Watu wengi hutumia namba ya simu kama utambulisho. Msifanye hivyo. Simu moja hubeba nyumba nzima, na mtu mmoja ana laini tatu.

Kipimo cha uongo ni rahisi. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Nafasi ya mita 7 kwa 7 inakupa miti 82, ya 6 kwa 6 inakupa 112, ya 5 kwa 5 inakupa 161. Mtu akiandika ekari 2 na miti 600, ama ekari si 2, ama miti imehesabiwa pamoja na iliyokufa, ama amehesabu na ya kaka yake. Fomu kama hiyo isipite mpaka mtu afike shambani.

Karibuni.

#2 KandaYaJuu

Mkuu, hoja nzuri ila ngumu kutekeleza. Daftari la nchi nzima ni kazi ya miaka. Kwa nini tusivunje chama kilichopo tuanze kipya, kisafi, kinachosajili wanachama kwa simu toka siku ya kwanza?

#3 KatibaNaKanuni

KandaYaJuu, kuvunja chama ndiyo njia ndefu kuliko zote, nayo inaonekana fupi kwa sababu huoni makaratasi yake.

Chama kikivunjwa kinakufa na vitu vyake: akaunti ya benki, mikataba, majina yaliyosajiliwa, gari lililoachwa na mradi, kiti kwenye vikao vya wizara. Madeni hayafi kwa urahisi huo, yanawafuata waliosaini. Ukianzisha kipya wakati cha zamani bado kipo kwenye vitabu vya msajili, utakuwa na vyama viwili vinavyodai kusema kwa niaba ya mkulima mmoja, na serikali itamsikiliza yule mwenye muhuri wa zamani. Rekebisha kilichopo.

Kabla ya lolote, jueni chama kimekaa chini ya sheria ipi, maana njia inabadilika kabisa:

Kama ni jumuiya chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura 337, basi mwenye neno ni Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Katiba mpya haifanyi kazi kwa kupigiwa makofi ukumbini. Inafanya kazi msajili akiikubali.

Kama ni ushirika, ni Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013. Msimamizi ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika, mkaguzi ni COASCO (shirika la ukaguzi wa ushirika) au aliyeidhinishwa, na kura ni moja kwa kila mwanachama. Ukitaka kura za uzito wa tani ndani ya ushirika, umegonga mwamba.

Kama ni kampuni yenye ukomo kwa dhamana, isiyo na hisa, unashughulika na BRELA, msajili wa makampuni, na hapo kanuni za ndani zinaweza kugawa wanachama kwa madaraja na kuyapa madaraja hayo kura tofauti. Kwa chombo cha sekta chenye wakulima, wasafirishaji na wenye vitalu, hii ndiyo sura inayonyumbulika kuliko zote.

Kosa la kawaida ni watu kuandika katiba nzuri ya aina ya tatu kisha kuipeleka kwa msajili wa aina ya kwanza. Inarudishwa, msimu unaisha, morali inakatika.

#4 MhasibuWaVyama

Naongeza upande wa uchafu wa vitabu, kwa sababu mageuzi mengi hukwama hapa kabla hata ya siasa.

Kabla ya mkutano mkuu maalumu, kamati ya mpito ipate majibu kwa maandishi ya maswali haya: taarifa za mwaka kwa msajili zimewasilishwa mpaka mwaka gani, na ada gani haijalipwa? TIN ya chama ina ritani ambazo hazikujazwa TRA? (Chama kisicho na mapato nacho kinajaza. Adhabu hujikusanya kimyakimya.) Nani watia saini benki, na wangapi bado wako hai na wanapatikana? Mali za miradi ni za chama kweli, au kadi ya gari bado ina jina la mradi uliofungwa?

Siku ya kukabidhiana iwepo hati moja ya makabidhiano yenye kila kitu kwa jina: cheti halisi cha usajili, muhuri, vitabu vya hundi vikiwa na namba ya hundi ya mwisho iliyotumika, vitabu vya risiti vilivyotumika na visivyotumika, nywila za barua pepe na mitandao ya kijamii, mikataba, orodha ya wadai. Vitabu vya risiti visivyotumika ndivyo husahaulika, na ndivyo huendelea kukusanya ada mitaani jina la chama likiwa juu yake.

Benki nyingi hazibadilishi watia saini kwa barua tu. Zinataka muhtasari wa mkutano uliosainiwa, orodha ya mahudhurio inayoonyesha akidi, na mara nyingi barua ya msajili inayotambua viongozi wapya. Pangeni miezi miwili ya pengo. Katika pengo hilo fedha zisiingie akaunti ya mtu binafsi hata kama ni mwadilifu namna gani.

#5 Kikonyo

MzaniMkononi, kwenye #1 umetaja tozo ya kilo kisha ukaipita haraka. Shingapi, inakatwa wapi, na nani anakubali kukatwa? Mkulima tayari anakatwa ushuru wa mazao wa halmashauri asilimia 3. Ukimwongezea makato anavusha mzigo usiku.

#6 MzaniMkononi

Swali lenyewe hasa hilo. Nianze na hesabu.

Kontena la ubaridi la futi 40 lina paleti 20. Paleti ikiwa na katoni 264 za kilo 4, kontena ni katoni 5,280, sawa na kilo 21,120. Tozo ikiwa Sh 15 kwa kilo, kontena linaleta Sh 316,800.

Sasa angalia ofisi. Ukitaka katibu mtendaji, mhasibu, mtu wa takwimu, dereva na pango, tuseme Sh 9,000,000 kwa mwezi, hiyo ni Sh 108,000,000 kwa mwaka. Ukisema utawala usizidi asilimia 30 ya mapato, unahitaji mapato ya Sh 360,000,000, yaani tani 24,000 zilizolipiwa tozo, kama makontena 1,136. Kila moja limelipa, hakuna aliyekwepa. Haitatokea mwaka wa kwanza.

Ukianza na watu wawili, mratibu na mhasibu-takwimu, Sh 3,200,000 kwa mwezi, ni Sh 38,400,000 kwa mwaka. Kwa asilimia 30 ileile unahitaji Sh 128,000,000, yaani tani 8,533, makontena 404. Hilo linafikirika. Kwa hiyo chama kinachoanza na ofisi ya ghorofa, samani na magari mawili kimeshakufa, kinasubiri tu siku ya kuzikwa.

Mahali pa kukata: kituo cha kufungasha, kwa uzito halisi uliofungwa kwenye katoni. Usikate kwa uzito wa kupokelea. Ukikata kwenye mzani wa kupokelea unamtoza mkulima hata matunda yaliyokataliwa, ambayo yanakwenda kukamuliwa mafuta au kurudi sokoni kwa bei ya hasara, na kila siku kutakuwa na ugomvi wa mzani. Uzito uliofungwa una mashahidi wengine: orodha ya ufungashaji ya kontena na cheti cha afya ya mimea cha TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu). Mhasibu analinganisha karatasi tatu mwisho wa mwezi. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 2, anauliza.

Kuhusu nani anakubali: bila sheria, hii si tozo, ni makubaliano. Lazima kiwepo kifungu kwenye mkataba wa kuuza kati ya mkulima au kikundi na mnunuzi, kinachosema wazi kiasi, kwamba ni hiari, na namna ya kujitoa. Ukikata bila kifungu hicho, mkulima mmoja akienda mahakamani anakurudisha nyuma msimu mzima. Na kwenye risiti yake kiasi kiwe na mstari wake peke yake, kisichanganywe na ushuru wa halmashauri. Bei ya shambani ikiwa Sh 1,500, ushuru wa asilimia 3 ni Sh 45 na mchango wa chama ni Sh 15. Aione hiyo tofauti kwa macho.

#7 KatibaNaKanuni

Hapa kuna mifano ya kweli ya nje yenye mafunzo, ila isomwe na masharti yake yote.

Afrika Kusini: soko la machungwa lilikuwa chini ya bodi na muuzaji mmoja wa nje mpaka mageuzi ya soko. Mwaka 1997 wakulima wakaunda chama chao, Citrus Growers' Association. Kinaendeshwa kwa tozo ya kila katoni inayokwenda nje, na tozo ile ina nguvu ya kisheria kupitia Sheria ya Masoko ya Mazao ya Kilimo Na. 47 ya 1996. Masharti yake ndiyo ya kuiga: waziri huidhinisha tozo kwa kipindi kisichozidi miaka 4, kisha inakufa mpaka iombwe upya na wakulima waonyeshe kuiunga mkono. Mwongozo wa baraza lao la masoko unataka utawala usizidi asilimia 10, asilimia 20 iende kuinua wakulima waliobaguliwa zamani, na iliyobaki ifanye kazi za zao lenyewe. Fedha nyingi za machungwa huenda kwenye utafiti na kutetea masoko. Umoja wa Ulaya ulipoleta masharti mapya ya ubaridi kwa ajili ya mdudu aina ya nondo (Thaumatotibia leucotreta) mwaka 2022, walikuwa na wanasayansi wao tayari.

Marekani: sheria ya mwaka 2000 iliunda Hass Avocado Board. Tozo ilianza 2003 kwa senti 2.5 kwa ratili, na inalipwa na mkulima wa California na mwagizaji wa parachichi kutoka Mexico au Peru vilevile. Asilimia 85 ya alichochangia hurudi kwa chama chake kwa ajili ya matangazo. Hapo hakuna anayefaidi bila kuchangia.

New Zealand na kiwi yao: kampuni ya Zespri ina haki ya kisheria ya kuuza nje karibu peke yake. Wengi humu huitaja kila uzi. Isahauni. Bila sheria ya muuzaji mmoja, huwezi kuinakili kwa katiba ya chama.

#8 KandaYaJuu

Na korosho je? Tunao mfano wa nyumbani: AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa mazao), mnada, makato yanaeleweka. Kwa nini tusibebe ule?

#9 Kikonyo

Kwa sababu korosho hukaa ghalani na parachichi haikai. Korosho ikisubiri mnada wiki mbili bado ni korosho. Hass ikichumwa inatakiwa iingie kwenye ubaridi ndani ya siku moja, nyuzi 5 hadi 7 hivi kwa kutegemea ukomavu, na inasafiri baharini wiki kadhaa. Siku nne za kusubiri mnada zinatokea kwenye katoni Rotterdam zikiwa na madoa meusi ndani. AMCOS zinaweza kuwa wanachama wa chama cha kitaifa, kukusanya, hata kumiliki mizani na makreti. Mnada hapana.

#10 NjombeMpakaBusokelo

Tuzungumze kura maana hapo ndipo pana moto. Ukisema kila mkulima kura moja, eneo lenye wakulima wengi wenye miti 15 linachukua kila kitu, na wenye mashamba makubwa wanajitoa na tozo yao. Ukisema kura kwa tani, wakubwa watano wanagawana viti wakinywa chai. Mnapendekeza nini?

#11 MzaniMkononi

Mchanganyiko wenye dari. Napendekeza kanda 6: Njombe; Iringa; Mbeya na Songwe; Kilimanjaro na Arusha; Kigoma na Kagera; na ya sita iwe Ruvuma, Morogoro na Tanga.

Mkutano wa wajumbe uwe na watu 60. Kila kanda ipate 6 za moja kwa moja, hizo ni 36. Zilizobaki 24 zigawanywe kwa tani zilizolipiwa tozo, wastani wa misimu 3 (si msimu mmoja, kwa sababu mti wa parachichi huzaa sana mwaka huu na kupumzika mwaka ujao, na kanda iliyopigwa mvua ya mawe isipoteze sauti). Dari: hakuna kanda inayozidi wajumbe 20 kwa jumla.

Ndani ya kanda mkulima achague kwa kura moja kila mtu. Hivyo ukubwa unahesabika kati ya kanda na kanda, na usawa unahesabika kati ya mtu na mtu.

Bodi iwe watu 9: wakulima 6, mmoja kila kanda, wasafirishaji na wenye vituo vya kufungasha 2, wenye vitalu 1. Mwenyekiti atoke kwa wale 6. Kila mwaka kanda 2 zichague, ili bodi nzima isibadilike siku moja na kumbukumbu yote ikatoka na mlango.

#12 KatibaNaKanuni

Nimehesabu mgawo wako, una tundu. Katiba ikitaka theluthi mbili kurekebishwa, ni kura 40 kati ya 60. Kuzuia kunahitaji 21. Kanda tatu ndogo zikiwa na 6 tu kila moja zina 18. Maana yake kanda tatu kubwa zinaweza kubadili mgawo wenyewe na kufuta kanda ndogo kwa halali kabisa.

Dawa: kiwekwe kifungu kwamba mabadiliko ya kiwango cha tozo, mgawo wa viti na dari yapite kwa vipimo viwili, theluthi mbili ya wajumbe na pia wingi ndani ya kanda 4 kati ya 6.

Jambo jingine ni nani anaitwa mkulima. Msafirishaji mwenye ekari 3 za kuonyeshea wageni atagombea kama mkulima, na muuza viuatilifu mwenye miti 20 vilevile. Kanuni iseme hivi: daraja lako linaamuliwa na mahali sehemu kubwa ya kipato chako cha parachichi inapotoka, na daraja la mkulima linahitaji mauzo ya matunda katika msimu mmoja angalau kati ya miwili iliyopita. Miti michanga? Hass iliyobebeshwa huanza kutoa mzigo wa maana mwaka wa tatu au wa nne, kwa hiyo aliyepanda mwaka jana awe mwanachama, apate huduma, ila kura isubiri.

#13 MhasibuWaVyama

Na ukomo wa tarehe! Uanachama wa kupiga kura ufungwe siku 60 kabla ya uchaguzi. Bila hicho kifungu, asubuhi ya mkutano anakuja mtu na bahasha analipia ada watu 200 waliojiandikisha getini. Malimbikizo ya ada za zamani yasitumike kuwafungia watu nje. Anayelipa ya msimu huu kabla ya ukomo apige kura, deni la nyuma libaki kwenye kitabu. Chama kinachodai malimbikizo yote kinajikuta na wapiga kura 40, na akidi haifiki.

Akidi yenyewe iandikwe kwa busara. Nusu ya wanachama wote nchi nzima hawatakaa ukumbi mmoja Makambako. Akidi ihesabiwe kwa wajumbe 60, na mikutano ya kanda iwe na akidi yake ndogo.

#14 Kikonyo

Kamati ya mpito nayo ifungwe kamba. Miezi 12, haiongezwi ila kwa mkutano wa wajumbe, haisaini mkataba unaozidi kipindi chake, na waliomo hawagombei uchaguzi wa kwanza. Hicho cha mwisho ndicho hung'olewa kimyakimya kwenye rasimu ya pili. Kisomeni kila rasimu ikirudi.

#15 Mtunza_Kitalu

Samahani, mnajenga nyumba nzuri, lakini mkulima wa Rungwe anapata nini kwa Sh 15? TAHA, chama cha wadau wa mazao ya bustani, ipo tangu 2004 na inafanya utetezi wa sera na usafirishaji kwa mboga, maua, matunda. Chama cha zao kikirudia yaleyale kwa bajeti ndogo, nani atakilipa?

#16 MzaniMkononi

Dada/kaka Mtunza_Kitalu, umegusa penyewe. Chama cha zao kifanye vitu vitatu ambavyo haviwezi kufanywa na mwavuli wa mazao yote, na vyote vitatu vinategemea daftari lileile.

La kwanza, masoko yenye usajili wa mashamba. Itifaki ya parachichi kwenda China iliyosainiwa Novemba 2022 inahitaji mashamba na vituo vya kufungasha vilivyosajiliwa na kutambuliwa na mamlaka za nchi zote mbili. TPHPA ndiyo yenye mamlaka hapa, lakini mtu wa kuleta orodha safi ya mashamba yenye namba, ramani na rekodi za visumbufu ni chama. Orodha ikiwa na shamba hewa moja na mzigo ukakutwa na mdudu wa karantini, ufuatiliaji unagonga ukuta, na wanaosimamishwa si shamba hewa.

La pili, cheti cha kundi cha kiwango cha kilimo bora cha GLOBALG.A.P. Mkulima mmoja wa ekari moja hamudu gharama. Kundi linaweza: ukaguzi wa ndani ufike kwa kila mwanachama kila mwaka, na mkaguzi wa nje achukue sampuli isiyopungua kipeuo cha pili cha idadi ya wanachama. Wakulima 400, mkaguzi anatembelea 20. Ukigawa kundi hilo katika mawili ya 200, kila kundi ni 15, jumla 30, gharama inapanda. Lakini kundi kubwa lina hatari yake: mfumo wa ndani ukishindwa, cheti kinasimama kwa wote 400, pamoja na aliyepulizia kwa kufuata kanuni. Kwa hiyo mkaguzi wa ndani alipwe na chama. Akilipwa na kikundi anachokikagua, ukaguzi umekwisha kabla haujaanza.

La tatu, tarehe ya kuanza kuchuma.

#17 Kikonyo

Hiyo ya tatu naidaka mimi, kwa sababu uvunaji wa mapema umeharibu jina la parachichi yetu kuliko mdudu yeyote. Tunda lisilokomaa haliivi. Linasinyaa, linakuwa kama mpira, na mnunuzi analipa kontena zima kwa bei ya takataka.

Kipimo ni ukavu wa nyama ya tunda, yaani asilimia inayobaki maji yakikaushwa. Kiwango cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) ni angalau asilimia 21 kwa Hass, 20 kwa Fuerte, na wanunuzi wengi hutaka juu ya hapo. Vifaa: mzani wenye kusoma gramu 0.1, kikwangulio cha karoti, sahani ya kioo, na maikrowevu. Namna: chuma matunda 10 ya ukubwa wa kati kutoka miti tofauti, pande zote za mti, usiokote chini. Pasua, toa kokwa na ngozi yake nyembamba ya kahawia, menya ganda. Kwangua vipande vya pande mbili za kila tunda, changanya, pima gramu 10. Kausha kwa moto mdogo, toa, pima, rudisha, mpaka vipimo viwili mfululizo visome sawa.

Sahani gramu 42.0, pamoja na nyama 52.0, baada ya kukauka 44.3. Kilichobaki ni 2.3 kati ya 10, asilimia 23. Inachumwa.

Yanayoharibu kipimo: kusahau kutoa uzito wa sahani; mzani wa jikoni unaosoma gramu nzima (2.3 inakuwa 2, umepata 20, umemfungia mtu bure); moto mkali unaounguza, ukipoteza na mafuta; na kuchagua matunda makubwa tu. Mteremko wa juu na bonde la chini vipimwe mbalimbali. Kwenye zao hili tofauti ya mwinuko ni tofauti ya wiki nyingi za kukomaa, kwa hiyo tarehe ya mkoa mzima ni tarehe ya uongo. Chama kitangaze kwa kata.

Kenya mamlaka yao ya mazao ya bustani husimamisha uvunaji wa Hass na Fuerte wa kwenda nje kwa bahari mwishoni mwa mwaka, kisha hupima kabla ya kufungua. Kwao ni nguvu ya serikali. Kwetu chama kinaweza kuanza kwa kifungu cha mkataba: kituo cha kufungasha mwanachama hakipokei mzigo kutoka kata ambayo haijafunguliwa. Kituo kikivunja, faini yake iandikwe kwa shilingi. "Kitachukuliwa hatua" si faini.

#18 NjombeMpakaBusokelo

Naam, lakini dalali haendi kwenye kituo cha kufungasha mwanachama. Anachuma, anapakia Fuso, anaondoka. Tozo hakuna, ukavu hakuna.

#19 MzaniMkononi

Kweli, na chama hakitamkamata, si kazi yake wala hakina mamlaka hayo. Kinachowezekana ni kumfanya mkulima awe na cha kupoteza. Mwenye namba ya shamba iliyo hai (kilo zimepita kituoni msimu huu) anakaa kwenye orodha ya China na kwenye cheti cha kundi. Namba ikikaa misimu miwili bila kilo hata moja, inalala, na kuiamsha kunahitaji ukaguzi upya kwa gharama yake. Na kipimo cha ukavu kiwe bure kwa wote, hata asiye mwanachama, kwa sababu tunda bichi la jirani linaharibu bei yako wewe.

Madalali wasifukuzwe vilevile. Wengi ndio wenye ngazi, makreti na vijana wa kuchuma. Wasajiliwe kama watoa huduma, wapewe namba, wafundishwe kukata kikonyo kwa mkasi badala ya kunyofoa (kikonyo kikitoka, ukungu unaingilia hapo).

#20 Mtunza_Kitalu

Swali dogo. Kwa nini kisiwe chama kimoja cha matunda yote? Embe, chungwa la Muheza, nanasi, zabibu ya Dodoma?

#21 KatibaNaKanuni

Misimu tofauti, masoko tofauti, wadudu tofauti. Mwenye machungwa ya kuuza Kariakoo hatakubali tozo ya kupeleka sampuli Ulaya, na ana haki. Mfano unaofaa ni Subtrop ya Tzaneen, Afrika Kusini: wakulima wa parachichi, embe na lichi wana vyama vyao kila zao, wanaajiri ofisi moja ya utendaji. Wanagawana mhasibu na umeme, mfuko wa kila zao unabaki wake. Hapa hilo lifanyike baadaye, zao moja likishasimama. Wakianza wote pamoja, katibu mtendaji atakuwa anasuluhisha ugomvi wa mifuko mwaka mzima.

#22 MhasibuWaVyama

Msisahau taarifa binafsi. Daftari lenye NIDA, simu na ramani za mashamba linaangukia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Chama kijisajili kwa Tume husika, fomu iwe na ridhaa iliyosainiwa, na isemwe wazi nani atapewa nini. Mnunuzi apewe namba ya shamba na kilo. Simu ya mkulima asipewe. Orodha ya simu ikivuja, wa kwanza kuinunua ni wauza mbolea feki.

#23 KandaYaJuu

Mmenigeuza kwenye hoja ya kuvunja. Sasa hatua za kwanza ni zipi kwa mpangilio? Msimu ujao uko mlangoni.

#24 MzaniMkononi

Mwezi wa kwanza: barua mbili, moja kwa msajili kuuliza hali ya chama, moja TRA kuuliza hali ya TIN. Wakati majibu yanasubiriwa, chagua kata 4 tu zenye kituo cha kufungasha karibu, chapisha fomu ya daftari, tuma watu wawili kila kata wenye simu yenye GPS. Anayejua kazi hufanya vipande 12 hadi 15 kwa siku mvua ikiwa haijafunga barabara.

Mwezi wa tatu na wa nne: kifungu cha mchango kiingie kwenye mikataba ya vituo viwili vinavyokubali. Akaunti ya tozo iwe mpya, watia saini watatu, wawili wakulima na mmoja msafirishaji, malipo yahitaji wawili wa pande tofauti.

Pima ukavu kwenye kata hizo 4 na ubandike matokeo kwenye mlango wa ofisi ya kijiji kila Jumatatu. Hilo litaleta wanachama kuliko mkutano wowote.

Rasimu ya katiba ianze baada ya hapo, ukishajua tani na watu ulionao.

#25 Kikonyo

Vipande 12 kwa siku Rungwe? Labda kiangazi. Aprili weka 6, na bajeti ya bodaboda iongezwe mara mbili.

#26 MzaniMkononi

Sawa, 6. Narekebisha hesabu ya kata hizo nitaiweka hapa na fomu yenyewe.